Aliyenunua na Aliyeanguka

Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wengi wa motari, yaani wanaoendesha pikipiki za abiria, hawazimiliki, na wengi wanaozimiliki hawajui kuziendesha. Kwa hiyo pikipiki ikianguka, hasa ikiangukia kwenye mashindano ya vijana barabarani, ugomvi huanza kabla matope hayajakauka: nani alipe? Nimewapa nafasi watu watano, kila mmoja kwa jina la kazi yake. Sikujaribu kuwapatanisha.

MWENYE PIKIPIKI: Mimi nauza maharagwe. Pikipiki ile niliinunua kwa faida ya magunia, nikiweka kidogo kidogo, na sijawahi kushika usukani wake hata kuvuka barabara. Jumapili motari wangu huyu alitoka nayo Butembo akielekea Beni, na alipopita Maboya akaanza kushindana na mwenzake. Hakubeba abiria wala mzigo, na hakuna aliyemtuma. Ameanguka. Namshukuru Mungu yuko hai. Lakini shokapu za mbele zimepinda, rimu imekuwa yai, tanki limebonyea. Alipe. Sioni mjadala uko wapi.

MOTARI: Mama, sikatai kwamba nilishindana. Ila Jumatatu mpaka Jumamosi huwa nafanya nini? Kila jioni unapopokea hesabu ya siku, hujawahi kuniuliza nimeipata kwa mwendo gani. Nikichelewa unaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikileta pungufu unauliza nyingine iko wapi. Mwendo ule ule uliokujengea ukuta wa nyumba, leo umekuwa kosa kwa sababu ni Jumapili.

MWENYE PIKIPIKI: Hesabu tulikubaliana wewe na mimi, umekaa kwenye kiti changu na chai yangu mkononi. Sikukushikia kisu.

MOTARI: Tulikubaliana, ndiyo. Lakini tupige hesabu hiyo mbele ya watu. Tuseme ni franka 10,000 kwa siku, na safari ya mjini ni franka 1,000. Abiria kumi wa kwanza ni wako, Mama. Wanne wanaofuata wanakwenda kwenye mafuta, maana mafuta ni juu yangu. Anayefuata ni wa polisi wa barabarani, akinisimamisha, na atanisimamisha. Kuosha pikipiki ni juu yangu, pancha ni juu yangu. Mimi naanza kula kwenye safari ya kumi na sita au kumi na saba. Mvua ikinyesha saa tatu, barabara za Butembo zikageuka matope, hizo kumi zako hazipungui. Na Beni ni mara ngapi wametukataza kutembea na pikipiki usiku kwa sababu ya usalama? Siku inakatwa, hesabu haikatwi. Anayeendesha polepole katika mpango huo anamfanyia kazi mwenye pikipiki na muuza mafuta, halafu anarudi nyumbani kulala njaa.

MWENYE PIKIPIKI: Rudisha pikipiki basi. Wako vijana kumi wanaoisubiri.

MOTARI: Wako. Na wote kumi watakimbia.

FUNDI: Mama, kwa hilo hasemi uongo. Pikipiki zinazoletwa kwangu hazijui Jumatatu wala Jumapili. Mimi naangalia chuma.

MOTARI: Tena si pesa tu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa mashambani na njiani. Sisi ndio tunaopita Oicha kwenda Eringeti, sisi ndio tunaokwenda Kasindi kuchukua wateja wa mpakani. Njia ya Mbau na Kamango mnaijua ilivyo. Huko hakuna anayekufundisha kwenda taratibu ukatazame mandhari. Ukiona kichaka kimetikisika unafungua mafuta mpaka mwisho, abiria anakushika kiuno, mnaomba Mungu wote wawili. Mtu akishazoea hivyo, mkono wa kulia haurudi nyuma kwa sababu tu ameingia mjini.

MWENYE PIKIPIKI: Usijifiche nyuma ya wafu, mwanangu. Waliouawa ni watu wetu sote.

MOTARI: Sijifichi. Umetaja Maboya. Oktoba 2022 washambuliaji waliingia Maboya usiku, wakachoma hospitali, wakaua, na mtawa aliyekuwa daktari pale akafa. Hiyo ndiyo njia ninayoipita.

MWENYE PIKIPIKI: Najua. Wiki ile nilikuwa na magunia njiani. Lakini Jumapili hii, saa nane mchana, jua linawaka, ulikuwa unafukuzwa na nani?

MOTARI: Sikufukuzwa na mtu.

MWENYE PIKIPIKI: Sema kwa sauti.

MOTARI: Nilikuwa namfukuza mwenzangu. Mama, niseme ukweli? Wiki nzima nabeba makala, ndizi, mgonjwa, mama na watoto wawili na mfuko wa unga juu ya tanki. Jumapili pikipiki haina mzigo. Inakuwa nyepesi, inatii. Kwenye mteremko nikamwona mbele yangu, yule ambaye kila siku ananipita akicheka. Nikasema leo hapana. Kona ya kwanza nikamkaribia, ya pili nikampita kwa ndani. Ya tatu kulikuwa na kokoto. Hata sasa mguu ukiuma, ile kona ya pili naikumbuka kwa raha. Kama hilo ni kosa, basi ni kosa. Lakini msiseme ni wazimu. Nina miaka 23.

MUUGUZI: Mimi nimewapokea wengi wa miaka 23. Nitasema zamu yangu ikifika.

FUNDI: Acha mimi nitangulie, dada, maana yangu ni ya vyuma, mafupi. Kuna mchezo wa pikipiki unaitwa supermoto. Ulianza mwaka 1979 kwenye uwanja wa Carlsbad, kule California, kwa ajili ya kipindi cha televisheni. Walitaka kujua nani mkali zaidi: wa lami, wa kwenye vumbi, au wa motokrosi ya kuruka matuta. Wakatengeneza njia moja yenye lami na udongo, wakawaachia wote. Wamarekani walichoka baada ya miaka sita hivi, Wafaransa wakaupenda, na tangu 2002 una ubingwa wa dunia chini ya FIM, shirikisho la kimataifa la pikipiki. Pikipiki yenyewe ni ya motokrosi iliyovalishwa magurudumu madogo ya inchi 17 na breki kubwa sana mbele. Dereva anaingia kona na gurudumu la nyuma likitambaa kwa pembeni, mguu wa ndani ameunyoosha. Nikiutazama mchezo huo nacheka. Njia ya lami kipande na udongo kipande? Vijana wa hapa wamezaliwa juu yake.

MOTARI: Umeona, Mama? Kumbe kuna ubingwa wake.

FUNDI: Ngoja, sijakusifu. Yule wa supermoto anajua ataanguka. Si kwamba anaogopa huenda akaanguka. Anajua, ameshaiweka kwenye bajeti. Kwenye ncha za ekseli ameweka vizibo vya nailoni ili pikipiki ikilala itelezee hapo, isikune shokapu. Mikono ameikinga kwa ngao. Vishikio vya breki na klachi hakuvikaza mpaka mwisho, ili vikigonga chini vizunguke badala ya kuvunjika. Hilo halina gharama, ni spana namba kumi tu, na bado kila wiki naletewa pikipiki kishikio kimekatika kwa sababu mtu alikikaza kwa nguvu zake zote. Bolti ya kumwagia oili imefungwa kwa waya, isije ikafunguka ikamwaga mafuta njiani mwenzake akateleza. Na nyumbani ana sanduku la vipuri lililonunuliwa kabla ya kuanguka. Sisi tunanunua kipuri mtu akiwa tayari hospitali, kwa bei ya mtu mwenye haraka.

(Hapa fundi alitaka kuendelea na habari za matairi, na alikuwa na mengi. Nimempunguza.)

MWENYE PIKIPIKI: Na huyo wa supermoto akianguka analipiwa na nani?

FUNDI: Analipa mwenyewe, au aliyemdhamini.

MWENYE PIKIPIKI: Asante. Mjadala umekwisha.

FUNDI: Haujaisha, Mama, maana sijasema nilichokuta kwenye pikipiki yako. Shokapu zimepinda, hilo ni la Jumapili. Rimu ni ya Jumapili. Lakini nimefungua ngoma ya breki ya mbele, ndani hakuna kitu, chuma kinasaga chuma. Hiyo si ya siku moja. Tairi la nyuma ni upara. Beringi za shingo ya usukani zimekwisha zamani, ukiitikisa unasikia mlio. Pikipiki ya namna hiyo hata katekista akiiendesha kwenda misa itamwangusha siku moja. Mwendo ulimfikisha kwenye kona. Kilichomshinda kwenye kona ni breki.

MWENYE PIKIPIKI: Pesa ya breki na tairi nilitoa! Mwulize. Nilimpa mkononi.

MOTARI: Ulinipa.

MWENYE PIKIPIKI: Iko wapi?

MOTARI: Siku ile ile pikipiki ilikamatwa. Hatukuwa na karatasi ya bima, na karatasi ni kazi yako, Mama. Nikiwaachia pikipiki, kila siku inayolala kwao unanidai hesabu. Nikatumia pesa ya breki kuitoa. Nilikusudia kurudisha kidogo kidogo.

MWENYE PIKIPIKI: Hukuniambia.

MOTARI: Ningekuambia ungesema nimekula.

MWANASHERIA: Mniruhusu. Hapo kuna mambo matatu mmeyafunga kamba moja. La kwanza ni uharibifu wa pikipiki yenyewe. La pili ni mtu ambaye pikipiki ingemgonga. La tatu ni mkataba kati yenu. Nianze na la pili, kwa sababu ndilo lililoandikwa wazi. Kanuni yetu ya raia, Kitabu cha 3, ni amri ya 30 Julai 1888, ya wakati wa Mfalme Leopold, na bado inatuhukumu. Kifungu cha 258 kinasema kwamba anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima afidie. Huyo ni motari. Lakini kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu anawajibika pia kwa watu walio chini yake na kwa vitu anavyovitunza, na bwana anajibu kwa madhara anayoyafanya mtumishi wake katika kazi aliyompa. Huyo unaweza kuwa wewe, Mama.

MWENYE PIKIPIKI: Mimi? Nilikuwa kanisani!

MWANASHERIA: Ukiwa kanisani, ndiyo. Tuseme angemgonga mtoto Jumatano akiwa kazini: familia ya mtoto ingekufuata wewe, na sheria ingewapa masikio.

MWENYE PIKIPIKI: Yeye si mtumishi wangu. Anakodi pikipiki.

MWANASHERIA: Anayekodi hapangiwi saa ya kurudi, wala haulizwi alikuwa wapi, wala hanyang'anywi ufunguo jioni. Ukimpangia hayo yote, jaji atajiuliza ni ukodi wa namna gani. Na wewe kijana usifurahi mapema. Kifungu kile kinasema katika kazi aliyopewa. Jumapili, bila abiria, unashindana na rafiki yako, hiyo ilikuwa kazi ya nani?

MOTARI: Na bima je?

MWANASHERIA: Bima ya lazima ipo tangu sheria ya 1973. Kwa miaka mingi muuzaji alikuwa SONAS, shirika la serikali, peke yake, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Lakini ile ya lazima inamlipa uliyemgonga. Shokapu zako haizioni, na mguu wako haiuoni. Ukitaka iuone, unanunua nyingine, na bei yake ni nyingine.

MUUGUZI: Sasa zamu yangu. Nimekaa hapa nasikia shokapu, rimu, beringi, hesabu, kifungu. Mguu wa kijana umetajwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu bima haiuoni. Pikipiki ikilala, kitu cha kwanza kilicho chini yake ni mguu. Muundi unavunjika, mara nyingi mfupa unatoka nje na udongo unaingia ndani. Halafu familia inafanya nini? Wengine wanampeleka kwanza kwa mtaalamu wa mifupa wa kijijini, anafungwa vijiti na majani, na baada ya siku nyingi wanatuletea mguu umeoza. Abiria ndiye anayenisikitisha zaidi. Hakuchagua mwendo, hakushinda kona ya pili, hana kofia kichwani. Mama amekaa upande na kitenge chake, kitenge kikaingia kwenye cheni. Huyo nani anamlipa?

MOTARI: Sisi tunamlipa, dada. Motari akimwangusha mtu, wenzake wanachanga. Wewe mwenyewe umetuona pale mlangoni tumejaa.

MUUGUZI: Nimewaona. Siku ya kwanza mnajaa, siku ya pili mko nusu. Wiki ya tatu anabaki mama yake mgonjwa peke yake na karatasi ya madeni, na mgonjwa aliyepona hawezi kutoka kwa sababu bili haijalipwa. Na motari akifa, mnamsindikiza vizuri sana. Pikipiki mia, matawi ya miti, honi, wengine wamesimama juu ya viti, mnakwenda mbio kumzika mtu aliyeuawa na mbio.

MOTARI: Hapo umegusa pabaya.

MUUGUZI: Nimegusa kusudi. Jumapili ulivaa kofia ngumu?

MOTARI: Ilikuwa kwenye usukani.

MUUGUZI: Kwenye usukani! Utafiti uliokusanya tafiti nyingi, wa mwaka 2008, ulionyesha kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa ninayoweza kukuchoma yenye nguvu hiyo. Na usiniambie hamwezi kubadilika. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, mlisimama kwenye vizuizi, mkanawa mikono, mkapimwa joto, ninyi na abiria wenu, kila siku. Ugonjwa ule ulichukua watu 2,287, na nyinyi mlikuwa kati ya waliobeba wagonjwa bila kujua. Mliogopa, mkajifunza. Pikipiki hamuiogopi kwa sababu inawalisha.

MOTARI: Wakati wa Ebola, dada, kila kizuizi kilikuwa na ndoo na mtu aliyelipwa kutusimamisha. Leo tunasimamishwa na anayetaka tumlipe.

MWENYE PIKIPIKI: Mmeongea vizuri wote, na bado pikipiki yangu iko kwa fundi, imelala. Kila siku inayolala mimi napoteza. Fundi, itachukua nini kuisimamisha?

FUNDI: Inategemea unataka isimame au ipone. Kuna mafundi watakaoipiga nyundo, watachomelea, jioni inatembea. Mimi naanza kwa kulegeza vibano vyote vya shokapu na ekseli, nairudisha kwenye mstari, maana wakati mwingine haikupinda, imejikunja tu kwenye vibano vyake. Safari hii nimelegeza, haikurudi. Nimezitoa shokapu na kuviringisha mirija yake juu ya kioo, inacheza. Imepinda kweli. Mrija uliopinda ukinyooshwa kwa moto unanyooka, na unakuwa laini, siku ya shimo kubwa unakatika. Kisha naangalia shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia, kama rangi imepasuka. Rangi ikipasuka mstari mwembamba, chini yake kuna ufa. Ya kwako haina. Shukuru. Mirija mipya, rimu, breki, beringi, tairi. Tanki niliache hivyo hivyo, kubonyea hakumwui mtu.

MWENYE PIKIPIKI: Basi gawanya. Ya Jumapili alipe yeye, ya zamani nilipe mimi.

MOTARI: Fundi amesema breki ndiyo iliyonishinda. Kwa hiyo hata rimu ni ya zamani.

MWENYE PIKIPIKI: Na pesa ya breki uliila wewe!

MOTARI: Kwa karatasi uliyokosa wewe!

MWANASHERIA: Mnaona mnavyozunguka. Mkienda kwangu kwa kesi, nitawala wote wawili.

FUNDI: Nina wazo, na halikutoka kichwani kwangu, limetoka kwa wale wa supermoto. Pikipiki inayofanya kazi itaanguka. Tukubali. Basi kila jioni, kabla hesabu haijafika kwa Mama, franka kadhaa zinakwenda kwenye mfuko. Mfuko haushikwi na Mama wala na motari. Mna vikundi vyenu vya akiba mitaani, mna wazee. Tairi likiisha, mfuko unatoa. Breki, mfuko. Ikianguka, mfuko unaanza, halafu ndipo mnagombana kuhusu kilichobaki.

MWENYE PIKIPIKI: Hizo franka zitoke upande gani?

MOTARI: Kwenye hesabu. Upande wako.

MWENYE PIKIPIKI: Yaani mimi nitoe pesa yangu ili wewe uanguke kwa raha? Mtu akijua kuna mfuko unamsubiri, atafungua mafuta zaidi.

MOTARI: Mama, mguu wangu haumo kwenye mfuko. Hakuna anayeanguka kwa kuwa spea zimelipwa.

MUUGUZI: Hapo namuunga mkono kijana, kwa shingo upande. Lakini mfuko ule ule ununue kofia mbili, ya dereva na ya abiria, kabla ya tairi.

MOTARI: Abiria hawazitaki. Wanasema zinanuka kichwa cha mwingine.

MUUGUZI: Zioshe.

MWENYE PIKIPIKI: Na hii barabara wanayotujengea ndiyo itakayotumaliza. Wakipaka lami Butembo mpaka Beni, mtakuwa mnapaa.

FUNDI: Kweli hilo linahitaji kufikiriwa. Ule mradi wa Kongo na Uganda uliozinduliwa Juni 2021 ni kilomita 223 kwa jumla: Kasindi mpaka Beni 80, Beni mpaka Butembo 54, na 89 za Bunagana, Rutshuru mpaka Goma. Kwenye udongo mashimo yanamfundisha mtu adabu. Kwenye lami adabu lazima aje nayo kutoka nyumbani. Ukitoka 40 kwenda 80, umbali wa kusimama tangu ushike breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne, na breki ni zile zile za ngoma zilizotengenezewa kubeba mzigo taratibu.

MOTARI: Lami ikifika tutatoka Butembo mpaka Beni kwa muda mfupi zaidi bila hata kukimbia. Mashimo ndiyo yanayotuvunja mirija, si lami.

MUUGUZI: Kwenye mashimo naletewa mikono na miguu. Kwenye lami nitaletewa vichwa.

MOTARI: Basi tupeni mahali. Uganda hapo jirani, Garuga karibu na Entebbe, wana uwanja wa motokrosi, watoto wadogo wanaruka matuta, wazazi wamekaa pembeni na soda, gari la wagonjwa linasubiri. Hapa hata uwanja wa mpira ukikauka tunafukuzwa. Mnatukataza barabara bila kutuonyesha pengine.

MWENYE PIKIPIKI: Uwanja nakubali. Na pikipiki ya kukimbia uwanjani ni ya nani?

MOTARI: ...

MWENYE PIKIPIKI: Nauliza. Watoto wa Garuga wanaruka na pikipiki walizonunuliwa na baba zao. Wewe utaruka na maharagwe yangu.

FUNDI: Mama ana haki hapo. Ile pikipiki ya kazi ikirushwa tuta moja, mnarudi hapa kesho.

MOTARI: Nikubali. Nitalipa rimu na mirija, kwa awamu. Breki, tairi na beringi ulipe wewe, na karatasi ya bima iwe mfukoni mwangu kabla sijatoka tena barabarani. Na mfuko uanze kwa kutoa kwenye hesabu.

MWENYE PIKIPIKI: Rimu na mirija umekubali mbele ya mashahidi. Bima, nitakata. Mfuko, nusu yako nusu yangu. Na Jumapili pikipiki inalala kwangu, kwenye ua, na ufunguo chini ya mto wangu.

MOTARI: Jumapili ni siku yangu, Mama! Siku sita nakulipa hesabu, ya saba nafanyia kazi tumbo langu. Harusi ni Jumapili, watu wa kanisa ni Jumapili. Kila motari wa Butembo ana Jumapili yake.

MWENYE PIKIPIKI: Nani alikupa? Mimi sikumbuki kukupa.

MWANASHERIA: Iko wapi karatasi inayosema Jumapili ni ya nani?

MOTARI: Hakuna karatasi.

MWENYE PIKIPIKI: Tulikunywa chai.

MWANASHERIA: Basi andikeni sasa, kalamu ninayo.

MOTARI: Anza na breki.

MWENYE PIKIPIKI: Hapana, bwana wakili. Anza na Jumapili.